Laini Iliyoniponza

Sogeeni mbele, nyinyi mliozaliwa juu ya sponji! Nawajua. Mwaingia dukani, mwabonyeza godoro kwa kidole kimoja juu ya nailoni yake, mwasema "Hili laini," mwalipa, mwaondoka. Kidole kimoja! Na laini gani? Mwalimu wenu aliponiomba nije nizungumze na wanafunzi wake wa ushonaji juu ya magodoro ya sufi, nilimwambia, mwanangu, habari ya sindano wafundishe wewe. Mimi nitawaambia habari ya ulaini. Nimeushika kwa mikono hii miaka thelathini na zaidi, na hata sasa nikiuzungumzia siwezi kutulia kitini, ndiyo maana mwaniona nimesimama na magoti yangu haya mabovu.

Jina langu ni Mwanaidi, lakini mtaa wetu wa Kuze mzima waniita Bi Sufi. Sufi, kwa asiyejua, ni zile nyuzi nyeupe zilizomo ndani ya tunda la msufi. Ukizipuliza zaruka, ukizianika juani zafura, na zikikuingia puani utapiga chafya mpaka Magharibi. Karakana yetu ilikuwa chumba kimoja chini ya nyumba ya mjomba wangu, Mjomba Shee, na mlango wake ulitazama kichochoro chembamba, watu wawili wakikutana mmoja lazima ageuke ubavu. Yeye ndiye aliyenifundisha kazi.

Lakini nianze na aibu yangu, msije mkadhani mmeletewa malaika. Kulikuwa na bibi mmoja wa Kihindi, wenyewe wakimwita Ba, yaani mama. Nusura atolewe nyumbani kwake apelekwe hospitali, naye amekula kiapo kuwa hatoki, kwa sababu mimi Bi Sufi, bingwa wa magodoro, nilidhani nalijua neno moja. Neno lenyewe ni hilo hilo mnalolisema nyinyi dukani. Nitafika huko. Nikiwapeleka moja kwa moja hamtanielewa, kwa hivyo mwacheni bibi yenu azunguke kidogo.

Wiki yangu ya kwanza karakanani, Mjomba Shee alinifunga macho kwa leso. Akaniita, "Ndoo hapa, Mwanaidi. Nipe mkono." Akanitilia kitu kiganjani. "Ni nini hiki?"

"Sufi."

"Ya namna gani?"

"Laini."

Akanipiga na ncha ya leso. "Laini ni jina la nini? Sabuni ni laini! Uji ni laini! Mtu asiye na msimamo ni laini! Wataka nishindilie uji godoroni? Vyanda vyako havina mato bado!" Ndoo yake ni njoo, vyanda ndio vidole, na mato ndio macho, Mjomba alikuwa Mvita wa zamani, hapindishi neno lake kwa ajili ya mtu.

Basi pale pale, macho yamefungwa, akaanza kunipa vitu kimoja kimoja na kunitajia. Hii teketeke, ya muhogo ulioiva mpaka wameguka wenyewe. Hii tepetepe, ya mkate uliotiwa kwenye chai ukasahauliwa. Hii tifutifu, ya udongo mkavu ambamo mguu wazama. Tipwatipwa ni ya mtu mnono aliyejaa nyama, na hapo nilisikia sauti yake ikielekea mlango wa jirani, sitamtaja. Na kuna ororo, jamani, ororo! Ya ngozi ya mtoto mchanga nyuma ya sikio. Mtoto mwororo, ngozi nyororo, na godoro je? Godoro jororo! Hebu semeni wote: godoro jororo. Mwaona mnavyocheka? Na wateja walicheka hivyo hivyo, ndiyo maana kila mmoja akaona heri aseme laini, yaishe.

Mimi mwenyewe nilikuwa nacheka. Nilidhani Mjomba ana maneno mengi tu, uzee umemshika. Laiti ningejua!

Mtu hujifunza kwa kuadhirika. Godoro langu la kwanza lilikuwa la bibi harusi, nami nilichambua sufi huku nikipiga soga na mashoga zangu. Siku ya tatu baada ya harusi, somo wa bibi harusi, yule mwanamke anayemfunda mwari, alitokea mlangoni. Akafungua pembe ya leso yake mbele ya watu, mlikuwa na mbegu tatu za sufi. "Mwanaidi," akasema, "hizi waniambia nizipande wapi?" Kichochoro kizima kiliangua kicheko. Tangu siku ile sikuacha mbegu tena, na nawaambia nanyi: sufi huchambuliwa mdomo umefungwa. Na godoro jipya lijazeni mpaka muone limevimba kupita kiasi, kwa sababu wiki ya tatu litashuka. Pembe zishindilieni kwa mti butu, si kwa ngumi, ngumi huacha mashimo.

Mjomba alikuwa na sheria moja iliyozishinda zote. "Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake," alisema, na yeye methali hiyo aliifanya amri. Hakuna godoro lililotoka mlangoni kabla ya fundi kulilalia. Nami nilikuwa mwanamke, mlango uko wazi, wapita njia hawakatiki. Basi nilikuwa najilaza na buibui langu, nimejifunika gubigubi mpaka kidevuni, napima mgongo, ubavu, mgongo tena. Watu wakipita, "Bi Sufi, kazi ndiyo hiyo? Na sisi tuandikwe!" Nilikuwa nawajibu bila kufumbua macho, "Nafasi zimejaa!"

Mimi na buibui langu, basi. Lishikeni hilo.

Mjomba alipofariki karakana ikawa yangu, na wateja wakawa mchanganyiko. Mara moja alikuja dereva wa malori yaendayo Uganda, kijana Mwacholi akiitwa Okello. Alikuwa akingoja mzigo Kilindini, naye alitaka kigodoro cha kulalia nyuma ya viti vya lori. Nilimshonea chembamba kilichokaza, maana barabara yenyewe hukutikisa, huhitaji godoro nalo likutikise. Akakitandika chini karakanani, akajinyoosha, mara akapiga ukelele, "Chwinya yom!"

"Wasemaje, mwanangu?"

Akatafuta Kiswahili chake cha barabarani. "Nasema, mama, ini yangu iko laini."

Ewe Mola! Nilitupa sindano. "Ini? Umekula nini? Wasikia kichefuchefu?" Nilikuwa nishamwita jirani alete maji na ndimu. Okello akacheka mpaka akaketi. "Hapana, mama. Sisi tukifurahi tunasema hivyo. Ini likiwa laini, mtu ana furaha."

Hebu fikirini! Sisi hapa, mwenye moyo laini ni mwenye huruma, au mwepesi wa kulia. Kwa Wacholi, ulaini wa ndani ndiyo furaha yenyewe! Nilikimbia kutafuta chaki, nikaliandika neno lile ukutani juu ya magunia, na siku nzima kila aliyepita nilimwita nimwambie. Baadaye alikuja mama mmoja Mkikuyu, karani bandarini, nikamuuliza kwao kitu laini huitwaje. Akafikiri, akaniambia, "Kwetu ni ororo." Ororo! Ile ile ya Mjomba Shee, imepanda milima huko bara na bado haijachakaa! Nilimkumbatia yule mama, naye alikuja kununua mto tu.

Ukuta ukajaa maneno. Lakini nawaambieni ukweli, nilikuwa nayafanya mapambo. Niliyauliza kwa mzaha, niliyapenda kama mtu apendavyo picha, wala sikuwaza kuwa neno laweza kuwa kifaa cha kazi mfano wa sindano au mkasi.

Sasa ndio twafika kwa Ba.

Miaka hiyo sponji ilikuwa imetushinda. Kwa mwezi nilipata kazi mbili, nikipata tatu natoa sadaka. Asubuhi moja akaja Bwana Jayanti, mwenye duka la vyombo upande wa Bondeni, mtu wa makamo, mpole, mzaliwa wa papa hapa, Kiswahili chake chanishinda mimi. Alikaa juu ya gunia bila kukaribishwa, nami nikajua ana jambo.

"Bi Sufi, mamangu alianguka akavunjika nyonga. Mwezi wa nne huu yuko kitandani. Juu ya sponji atokwa na jasho na kulia. Muuguzi anayekuja kumtazama asema ngozi ya mgongo imekuwa nyekundu. Ikipasuka, ni hospitali, na kwa umri wake huenda asirudi. Naye Ba ametuapisha sote. Alisema, nilikuja nyumba hii nikiwa bibi harusi, nitoke nikiwa maiti."

"Pole sana, Bwana Jayanti. Mwenyewe asema ataka nini?"

"Ndilo tatizo. Tangu aanguke, Kiswahili chote kimemtoka. Huyu aliyekuwa akiwatoa jasho wauza mboga kwa Kiswahili! Amebaki na Kigujarati cha utotoni kwao. Usiku na mchana asema ataka kitanda laini."

Laini! Hata hajamaliza kulitamka mikono yangu ishaingia guniani. Kwa nini nimuulize zaidi, na Kiswahili chake safi vile? Nilichukua sufi bora, nikaichambua mara mbili, nikaianika ikafura, nikashona foronya la maradufu, kile kitambaa kigumu kisichopitisha nyuzi, nikalishonea vifungo katikati ili sufi isikimbie. Nikalilalia na buibui langu. Peponi! Nikasema, Ba atalala kama hajawahi kulala.

Siku mbili, Bwana Jayanti huyu mlangoni. "Bado alia, Bi Sufi. Asema si laini."

Nikaongeza sufi. Siku tatu, karudi. "Asema si laini." Nikashona godoro la pili la kuweka juu ya la kwanza. Sasa nasikia Ba alikuwa amezama humo, haonekani ila pua. Na badala ya kupata nafuu, mgongo ukazidi kuwaka, jasho lamlowesha. Jumanne muuguzi alimtazama, akatikisa kichwa. Akasema atarudi Ijumaa asubuhi. Akikuta ngozi imepasuka au imezidi kulowa, ataita gari la wagonjwa, kiapo au si kiapo.

Bwana Jayanti aliponiletea habari hizo nilipandisha. Niko hivyo, nikikosea napandisha sauti kwanza. "Mamako ataka kulala juu ya nini, Bwana Jayanti? Laini kuliko hii ni hewa! Niende nikamkamatie hewa?"

"Mimi nifanyeje? Nakwambia asemavyo yeye."

"Yeye asemaje hasa? Neno lenyewe, kwa kinywa chake!"

"Asema *suvalu*."

Wanangu, ilikuwa mara ya kwanza kuuliza. Wiki mbili, magodoro mawili, ukuta umejaa maneno ya watu, na mimi sijauliza.

"Suvalu ni nini?"

"Laini."

"Na kwenu hakuna laini nyingine?"

Akajikuna kichwa. "Zipo. *Naram. Pochu. Kunu.* Na..."

"Zote hizo ni nini?"

"Zote ni laini, Bi Sufi."

Nikakaa kitako chini. Nilisikia ncha ya leso ya Mjomba Shee kwenye mkono wangu, na yeye alikuwa amekwisha kuzikwa miaka mingi. Uji ni laini! Sabuni ni laini! Nilitaka kulia, lakini wallahi ndani yangu kulikuwa na kitu kilichokuwa kikirukaruka, maana nilijua nimeshika pembe ya jambo. Nikamwambia, "Nenda kamwambie Ba, kesho asubuhi naja mwenyewe."

Jumatano ile nilitia vitu kapuni. Hamri la moto. Nyama ya dafu changa katika kikombe. Kipande cha sabuni. Konzi ya sufi. Utepe wa satini niliouchomoa kwenye nguo ya mjukuu wangu, na kelele zake mpaka leo nazisikia. Nikapanda ngazi za Bwana Jayanti, magoti yakilalamika kila daraja, nikamkuta Ba.

Alikuwa kijibibi kidogo, macho makali. Amevaa blauzi ya kizamani ya kwao, ile ambayo mbele imefunika na nyuma ni kamba mbili tu za kufungia. Bwana Jayanti akaniambia hajawahi kuvaa nyingine tangu usichana, na hakuna aliyethubutu kumshauri. Tulimketisha, tukamwegemeza. Nikamtilia hamri mkononi, nikamtazama usoni.

Akalibonyeza. Likabonyea, likarudi. "Pochu," akasema.

Pochu! Ile ya kubonyea! Nikampa konzi ya sufi. "Pochu," akasema tena, akaitupa pembeni kwa dharau, mimi na miaka yangu yote ya sufi! Nikampa dafu. "Kunu," akasema, na kabla sijapokea kikombe alikuwa ameshalila. Sabuni akaiita *lisu*, vidole vikateleza. Bwana Jayanti alikuwa amesahau hata kutafsiri, amekodoa macho, asema hajamwona mamake akizungumza hivyo tangu aanguke.

Kisha nikampa utepe wa satini. Ba hakuubonyeza. Aliupitisha juu ya ngozi ya mkono, polepole, akauweka shavuni, akafumba macho. "Suvalu," akasema. "Suvalu, suvalu."

Ba akafumbua macho, akanikamata mkono kwa nguvu nisiyoitarajia, akaukokota juu ya lile foronya langu la maradufu, huku na huku, mpaka kiganja kikawaka. Akaniambia mbele ya uso, "*Kharbachdu!*"

Neno hilo halikuhitaji mkalimani. Lakwaruza koo lenyewe!

Mwanamke yule hakuwa akiniomba godoro la kubonyea. Alikuwa akiomba kitambaa! Laini ya juu, ya kupitisha ngozi, si laini ya ndani, ya kuzama. Yeye alala mgongo wazi juu ya maradufu mapya na vifungo vyangu, nami kila akilia namwongezea sufi, azame zaidi, akwaruzike zaidi! Na mimi nilililalia godoro lile, kama alivyoniamuru Mjomba. Nilililalia na buibui!

Nilimwambia Bwana Jayanti atoke nje. Nikavua buibui, nikapandisha blauzi yangu, nikajilaza kando ya Ba, mgongo mtupu. Haikupita muda nikaanza kujikuna. Kifungo kimoja kilinichoma chini ya bega, mshono ukanipiga mstari kiunoni, na joto likapanda kutoka chini. "Kharbachdu," nikamwambia. Ba akanitazama, akaanza kucheka, kicheko cha kutikisa mabega, nami nikacheka, vibibi viwili migongo wazi, mpaka Bwana Jayanti akabisha mlango akidhani mmoja wetu amepatwa na jambo.

Furaha niliyokuwa nayo, wanangu! Nilikuwa nimeshindwa kazi, nimeumbuliwa, na nilijihisi nimepewa karakana upya. Nikamuuliza Bwana Jayanti, Ba ana nguo za kitambo za pamba? Akafungua kasha. Zilikuwamo sari za pamba za nyumbani, zimefuliwa miaka mingi mpaka rangi zimechoka. Nikazipitisha mkononi. Ororo tupu! Satini ya dukani huteleza na haikaushi jasho. Nguo kuukuu iliyofuliwa mara mia haiuzwi popote, sharti uwe umeishi nayo. Sisi twawavika watoto wachanga leso zilizochakaa kwa sababu hiyo hiyo, na mimi sikuwahi kulifikiria hilo karakanani.

Bwana Jayanti aliniambia kwao bibi zao hushona nguo kuukuu hivyo hivyo, tabaka juu ya tabaka, zikawa tandiko, na tandiko hilo huitwa *godadu*. "Godoro?" nikasema. "Godadu," akasema. Nikapiga kofi hewani. Njiani kurudi nikapita kwa jirani yangu Bi Salma, ambaye wazee wake ni wa Hadhramaut, nikamuuliza kuhusu laini. Akasema, "*Layyin* ni kitu chenye kukubali kupindwa, kisichokaza. Ngozi na hariri sisi husema *naaim*." Basi mwaona! Waarabu walikuwa na mbili, sisi tukachukua moja tukaibebesha mizigo yote. Godoro tukapewa na Wahindi, laini tukapewa na Waarabu, tukabaki na migongo yetu tu. Na ororo yetu tulikuwa nayo toka zamani, tukaiona ya kuchekesha.

Nilifanya kazi Jumatano ile mpaka vidole vikavimba. Nilifumua yote. Sufi nikapunguza zaidi ya nusu, nikashindilia iliyobaki ikae imara, mgongo ushikwe usizame. Vifungo vya katikati nikavitoa vyote, nikashona mistari mipana pembeni tu. Juu nikatandaza sari, tabaka nne, nyuzi nikizilaza ndani, fundo hata moja lisitokeze. Alhamisi alasiri kabla ya kuipeleka, nilifunga mlango wa karakana, mara ya kwanza katika maisha yangu, nikailalia kazi yangu mgongo wazi. Sikujikuna. Tukaliweka chini ya Ba, mkewe Bwana Jayanti akashika zamu ya kumgeuza kama muuguzi alivyoagiza, nami nikaja nyumbani.

Ijumaa sikuweza kushika sindano. Ilipofika saa tatu nikajua muuguzi ameshapanda ngazi zile. Saa nne, kimya. Nilisimama mlangoni, nikakaa, nikasimama. Nilisikiliza kama kuna king'ora upande wa Bondeni. Kisha nikamwona Bwana Jayanti akija mbio kichochoroni, mtu mzima yule, kiatu kimoja cha kwake na kimoja cha mkewe, machozi yamtoka, na pumzi hana.

"Bi Sufi," akasema, "Ba... Ba amesema *suva*..."

Nikashika mlango. "Suvalu? Bado? Bado ataka suvalu? Nimekosea wapi tena, Bwana Jayanti, nimekosea wapi?"

"Hapana, hapana!" Alikuwa akilia na kucheka pamoja. "Muuguzi amemtazama mgongo, mwenyewe amelala. Mkavu. Haukupasuka. Asema Ba haendi mahali. Mimi nikamtikisa nimwambie habari njema, akanichapa kofi la mkono bila kufumbua macho. Hakusema suvalu, Bi Sufi. Alisema *suva de*."

"Na hiyo ndiyo laini gani?"

"Si laini. Ni kwamba, niache nilale."